Majina ya Taka na Mashine ya Kuzichambua

Kabla ya mkono wa chuma kuokota chupa katika lundo la taka, sharti mashine iwe imekwisha kuamua kwamba kile kilicho mbele yake ni chupa. Kwa hiyo kazi ya kuchambua taka kwa akili unde huanza na kutaja majina, na jambo hilo, ingawa ni la wahandisi, lawahusu pia wataalamu wa lugha. Makala hii yakusudia kulieleza kwa mfano wa Nduta, katika wilaya ya Kibondo, mkoa wa Kigoma, ambako kambi ya wakimbizi kutoka Burundi ilifunguliwa tena mwaka 2015, wakati kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilipokuwa imejaa kupita kiasi.

Yafaa kwanza kueleza mashine yenyewe. Taka humwagwa juu ya ukanda unaokwenda. Kamera huzitazama, na aghalabu hupigwa mwali usioonekana kwa macho, ambao hurudi kwa namna mbalimbali kwa kadiri ya aina ya plastiki. Plastiki nyeusi humeza mwali huo, na mara nyingi hupita bila kutambuliwa. Kitu kikisha kupewa jina, mkono wenye kikombe cha kufyonza hukinyakua na kukitupa katika pipa lake. Kampuni ya ZenRobotics ya Helsinki, iliyoanzishwa mwaka 2007, ni miongoni mwa zilizotangulia katika kazi hii.

Mashine hupata wapi majina hayo? Hufundishwa kwa picha ambazo watu wamekwisha kuziandikia majina. Mkusanyo mmoja maarufu, uitwao TrashNet, ulitengenezwa na Gary Thung na Mindy Yang katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2016. Una picha 2,527 katika mafungu sita: kioo 501, karatasi 594, kadibodi 403, plastiki 482, metali 410, na takataka 137. Msomaji atazame fungu hilo la mwisho. Matano ya kwanza yametajwa kwa asili ya kitu. La sita ni la vile vilivyokosa mahali. Ndilo dogo kuliko yote, na ndilo linalopokea kila kisichojulikana.

Kiswahili chagawanya vitu hivi kwa njia nyingine. Neno "chupa" lahusu umbo na kazi, liwe la kioo au la plastiki. Mafungu ya Stanford huwatenganisha ndugu hao wawili. "Kopo", "debe" na "dumu" pia ni majina ya vyombo, wala hayatuambii chombo kimefanywa kwa nini. Nchini Kenya wako wasemao "karatasi ya nailoni" kwa mfuko wa plastiki, na mwenye kuandika majina ya picha kwa usemi huo angeutia mfuko katika fungu la karatasi. Tena tunazo sifa zinazopima hali ya kitu: "kuukuu" ni kilichotumika sana, "bovu" ni kilichoharibika, "chakavu" ni kilichochakaa, na katika biashara ya vyuma ni kitu chenye bei.

Sifa hizo ndizo zenye uzito mahali kama Nduta. Dumu lililokwisha mafuta ni chombo cha kutekea maji. Kopo hutobolewa kwa msumari likawa paruzo, au hutiwa utambi likawa kibatari. Kamera yatambua plastiki, lakini haitambui maji ya jioni. Dumu zima likipelekwa kuyeyushwa kwa kuwa mashine imelijua kwa asili yake tu, mwenye nyumba amenyang'anywa chombo, na hesabu ya mashine itasema kazi imefanyika barabara. Warundi nao husema "gutora" kwa kuokota na kwa kuchagua pia, na kutokana nalo "gutoranya", yaani kuchambua. Katika lugha yao anayeokota na anayechagua ni mtu mmoja. Mashine yawatenga, kwani huokota yenyewe na uchaguzi umekwisha kufanywa mbali na wengine.

Hata neno "roboti" lina onyo lake. Lilitolewa na Karel Čapek katika mchezo wa kuigiza wa mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki "robota", ambalo wazee wetu wangelitafsiri "shokoa", yaani kazi ya kulazimishwa. Afanyaye shokoa hafanyi hiari, hufuata aliyoamriwa.

Basi kazi yetu ni mbili. Kwanza, kukusanya majina ya vitu vilivyotupwa kama yasemwavyo na waokotaji wenyewe, Kibondo, Kasulu na kwingineko. Pili, kuwadai wahandisi mafungu yanayotenga kilicho kuukuu na kilicho bovu, wala yasitazame plastiki na metali peke yake. Tusipofanya hivyo, mashine zitakuja na mafungu yao, na mengi tuliyokuwa na majina yake yataangukia katika fungu la sita.