Ramani tatu za mbuga moja

Wandugu, siku za staji yangu katika ofisi moja ya mazingira, nilikuta ramani tatu za mbuga moja, kila moja na mpaka wake. Ya kweli ni gani? Hakuna mutu aliyejua. Na mulimaji mwenye shamba pale katikati je?

Feza si shida: picha za Landsat ni za bure tangu 2008. Lakini chukua Virunga, inavuka ikweta. Ukichanganya kanda 35N na 35S, pointi inaruka kilometa 10,000 (hiyo angalau inaonekana!). Kubaya ni mita 200 ao 300, pointi za GPS zikiwekwa juu ya ramani ya zamani bila kugeuza vipimo. Kabla ya kununua droni, ofisi iandike: nani anachunga mpaka, nani ana ruhusa ya kuubadilisha.