Umeme Unaokosa Njia ya Kurudi

Mwombe mtu asimame nyuma ya gari lako jioni, washa taa ndogo, kisha kanyaga breki. Kama ni Corolla ya miaka ya 1990 ambayo imekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, huenda akakuambia kwamba taa ya kushoto imeongeza mwanga kama inavyotakiwa, lakini ya kulia imefifia, na indiketa ya upande huohuo inatoa mwanga hafifu ingawa hakuna aliyeigusa. Zima taa ndogo ukanyage tena: sasa taa za dashibodi zinawaka kidogo kila mguu unaposhuka. Wenye magari wengi hukimbilia dukani kununua balbu. Balbu mpya hufanya vilevile, kwa sababu umeme unafika kwenye taa bila shida. Kinachokosekana ni njia ya kurudi.

Balbu ya taa hiyo ina nyuzi mbili: moja ya wati 5 kwa taa ndogo, nyingine ya wati 21 kwa breki. Nyuzi zote mbili hurudishia umeme wake kwenye waya mmoja, waya wa ethi, unaofungwa kwa bolti kwenye bati la buti, na mara nyingi indiketa nayo hutumia waya huohuo. Bolti hiyo ikishika kutu, mkondo mkubwa wa breki hukosa pa kupita. Hapo hupanda kinyumenyume kwenye uzi wa taa ndogo, ukafuata waya zake mpaka mbele na kwenye dashibodi, ambako ethi ni nzima, ukashukia huko. Ndiyo maana zinawaka taa ambazo hukuziwasha. Ukiona taa zinafanya mambo yasiyohusiana na swichi uliyobonyeza, acha balbu na fyuzi kwanza, itafute ethi.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Watengenezaji huutumia mwili wa gari, lile bati zima la chuma, kama waya mmoja mkubwa wa kurudishia umeme kwenye betri. Katika karibu magari yote yaliyopo barabarani leo, upande hasi wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. (Land Rover za kale na Morris Minor zilifunga upande chanya, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo asifuate makala hii kabla ya kuangalia betri yake.) Injini haimo katika hesabu hiyo ya bati. Imekalia maunting za raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo lazima pawepo waya mnene kutoka betri hadi injini au gia boksi, na mwingine, mara nyingi wa kusukwa kama utepe, kutoka injini hadi kwenye bodi. Stata, alteneta, plagi na sensa za injini zote zinategemea waya hizo chache.

Kutu ndiyo inayolaumiwa zaidi, na ina kesi ya kujibu. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hula sehemu yoyote ambapo kipete cha shaba cha mwisho wa waya kimebanwa juu ya chuma, maana metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa. Gari lililotumika sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, linaweza kuwa limeshakula chumvi ya barabarani kabla halijapakiwa melini. Lakini kwa maoni yangu, mkono wa binadamu huharibu ethi nyingi kuliko bahari. Injini imeshushwa ikabadilishwa, na ule utepe wa kusuka haukurudishwa kwa sababu gari liliwaka bila huo. Bodi imenyooshwa na kupigwa rangi nzuri, na rangi ikapita juu ya sehemu za ethi, bolti zikafungwa juu ya rangi. Mwenye gari huondoka gereji akifurahia mng'ao, na mwezi unaofuata analalamikia taa.

Ethi ya injini inastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu ikifa gari halizimiki palepale. Linaanza kudanganya. Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni mshale wa joto unaopanda mara tu unapowasha taa kubwa, na kushuka unapozizima. Maji ya injini hayawezi kuchemka na kupoa kwa sekunde mbili. Kinachotokea ni hiki: umeme unaotoka alteneta huzilisha taa, huingia kwenye bodi, na unatakiwa urudi kwenye injini, kwa kuwa alteneta imefungwa hapo. Utepe ukiwa mbovu, injini na bodi huachana kwa volti moja au zaidi. Sensa ya joto imechomekwa kwenye injini, na geji inapata umeme wake kwa kipimo cha bodi, hivyo tofauti hiyo huongeza mkondo kwenye geji na mshale hupanda. Watu wamebadilisha themostati, mfuniko wa rejeta, hata rejeta yenyewe, kwa ajili ya waya usiofika urefu wa mkono.

Wakati mwingine umeme hujitafutia njia nyingine kati ya injini na bodi. Kebo ya mafuta, ile inayovutwa na pedali, ni uzi wa chuma ndani ya ganda la chuma. Ethi ya injini ikikatika kabisa, mkondo wa stata unaweza kupita humo, kebo ikapata moto, plastiki ya ndani ikayeyuka na pedali ikaanza kukwama. Hilo ni jambo la hatari barabarani. Fundi akikuambia kebo imeungua, usikubali kufungiwa nyingine kabla hajakuonyesha ethi ya injini.

Sasa kupima. Wengi hufanya kosa la kuweka mita kwenye omu, wakagusa ncha mbili za waya, wakaona sifuri, wakasema ni mzima. Mita ya omu hupitisha mkondo mdogo mno. Waya wenye nyuzi mia ukibaki na uzi mmoja usiokatika, mita itakuonyesha karibu sifuri, lakini mkondo wa stata inayodai ampea 150 hautapita hapo. Ukinzani wa omu 0.01, ambao mita nyingi za kawaida haziwezi kuupima kwa uhakika, hula volti 1.5 pale ampea 150 zinapopita. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ndiyo tofauti kati ya gari kuwaka na gari kugonga "tka".

Kwa hiyo ethi hupimwa ikiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha moja igusishe kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, ile risasi, si klempu iliyokibana. Ncha ya pili igusishe kwenye chuma kisafi cha injini. Gari liwe kwenye niutro au P, breki ya mkono imevutwa. Chomoa fyuzi ya EFI ili injini isiwake, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Mita inaonyesha volti zinazopotea njiani. Zikiwa 0.2 au chini, njia ni nzuri. Zikifika 0.5, kuna ugonjwa. Rudisha fyuzi, washa injini, washa taa kubwa na feni, pima tena kati ya kichwa hasi cha betri na bodi, halafu kati ya bodi na injini. Hapa 0.1 au chini ni sawa, na njia inayopoteza zaidi ya 0.2 inataka kufunguliwa. Ukishajua njia ipi inapoteza, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: kutoka risasi hadi klempu, klempu hadi waya, waya hadi kipete, kipete hadi bati. Namba inaporuka, umefika kwenye kasoro.

Kwa taa hesabu ni ileile. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Anayelalamika kwamba taa za gari lake ni dhaifu, na anataka kufunga balbu za wati 100, apime kwanza ethi iliyo nyuma ya taa. Balbu kubwa kwenye njia mbovu huongeza joto kwenye soketi, basi.

Asiye na mita atumie waya za jampa. Banisha ncha moja kwenye upande hasi wa betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mbali na feni na mikanda. Stata iliyokuwa ikisuasua ikizunguka kwa nguvu, jibu umelipata bure. Lakini usijaribu umeme kwa kugusisha waya na kutoa cheche. Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na kompyuta ya injini haivumilii mchezo huo.

Ethi zenyewe ziko wapi? Anzia betri na ufuate waya mweusi mnene: hugawanyika, mmoja kwenye bati la pembeni, mwingine kwenye gia boksi au injini. Tafuta utepe kati ya injini na ukuta unaotenga chumba cha injini na abiria. Angalia nyuma ya kila taa kubwa. Ndani, toa plastiki zilizo pembeni ya miguu ya dereva na abiria wa mbele. Nyuma, inua zulia la buti. Kwenye Toyota za miaka ya 1990, waya mweupe wenye mstari mweusi ndio ethi ya bodi, na waya wa kahawia ni wa kompyuta ya injini. Wa kahawia hufungwa kwa bolti kwenye manifoldi ya hewa, na ukilegea injini hutetemeka ikiwa kwenye sailensa na kuzimika bila mpangilio, mpaka watu wauze gari.

Kabla ya kufungua chochote, toa klempu hasi ya betri kwanza, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isitoe moto. Bolti nyingi za ethi ni za spana namba 10 au 12. Iliyoganda inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu na usubiri, kwani bolti ikikatikia ndani kazi ya dakika kumi huwa ya siku nzima. Ukishaitoa, sugua nyuso zote: chini ya kipete, juu ya kipete, bati lenyewe, nyuzi za bolti. Tumia msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na rangi ikwanguliwe eneo la ukubwa wa kipete tu. Unga mweupe au wa kijani kwenye betri uoshe kwa maji ya moto yenye bekin soda, ukiwa umevaa miwani, na maji yasiingie ndani ya seli.

Funga chuma kwa chuma, kaza vizuri, kisha ndipo upake vaselini au grisi juu yake ili hewa na maji visiingie. Kupaka kitu kizito kabla ya kufunga, au kupiga rangi kipete, ni kurudisha tatizo. Angalia pia waya wenyewe. Ukiukunja ukasikia unavunjikavunjika ndani, au shaba yake imekuwa nyeusi, ukate mpaka ufikie shaba inayong'aa, na kama haifikii, nunua mpya. Dukani kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, urudishe. Kwa stata ya gari dogo chukua shaba ya milimita za mraba 25 au zaidi, na kipete kibanwe kwa koleo lake maalumu.

Kuna mafundi wanaopenda kuongeza waya mpya wa ethi na kuiacha ile mbovu palepale. Waya wa ziada hauna ubaya, lakini ukifungwa juu ya rangi ni pambo, na ukiifunika kasoro, utakapolegea utarudi kwenye msururu uleule wa balbu na themostati. Safisha ya zamani, pima, ndipo uongeze ukitaka. Na akija mtu wa kuchomelea bodi, klempu hasi itoke kwenye betri na klempu ya mashine ibane karibu kabisa na anapochoma, ili mkondo wake usipite kwenye hizo ethi ulizozisafisha.