Asiyekuwapo na Lake Halipo

Kijiji kinachokua ni kama mtoto: nguo ya mwaka jana haimtoshi tena. Miaka michache iliyopita mahali petu palikuwa na duka moja, mashine moja ya kusaga, na nyumba zilizoachana mbali. Leo kando ya barabara maduka yamepangana, lipo duka la dawa, yupo fundi wa pikipiki, na vijana wa bodaboda wangoja abiria tangu alfajiri. Wageni wamekuja kulima na kufanya biashara. Hayo ni mema, nasi twayafurahia. Lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Wala si kwetu tu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Tanzania nzima watu 12,313,469. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ndiyo kusema, palipokuwa na mtu mmoja sasa wapo watano, na wote wataka shamba, maji, njia na mahali pa kujenga. Basi sharti pawepo watu wa kuamua nani apate nini, na wapi. Swali langu leo ni hili: watu hao ni akina nani?

KIWANJA CHA ZAHANATI

Karibu na shule yetu palikuwa na kiwanja kikubwa. Tangu zamani wazee walisema, "Hapa patajengwa zahanati." Kila mtu alilijua neno hilo, na hakuna aliyeliandika. Watoto walicheza mpira pale, na mama zetu wakaendelea kwenda zahanati ya kijiji jirani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mvua ikinyesha sana, mto hauvukiki. Mwenye mtoto mgonjwa hukaa ng'ambo hii akimtazama mtoto wake.

Siku moja tangazo likabandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji, likasomwa pia kanisani baada ya Misa: Mkutano Mkuu wa Kijiji, Jumamosi, saa nne asubuhi. Jambo la tatu katika ajenda lilikuwa maeneo ya biashara. Nami nakiri mbele yenu: ni mimi karani niliyelisoma tangazo lile kwa sauti kubwa, na ni mimi niliyekuwa shambani siku ile nikipalilia maharage. Nilijisemea moyoni, "Wenzangu watakwenda." Kumbe wenzangu nao walijisemea vivyo hivyo.

Waliokwenda walitosha kufungua mkutano, lakini hawakuwa wengi, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu waliotaka mahali pa kujenga vibanda. Halmashauri ya Kijiji ikaleta shauri lake, mkutano ukaulizwa, mikono ikainuliwa, shauri likapita. Nusu ya kile kiwanja ikagawiwa.

Juma lililofuata, vigingi vilipoonekana, kijiji kizima kikawaka moto. Chini ya mwembe, kisimani, kilabuni, kila mtu alikuwa hakimu. Wengine wakasema viongozi wamekula fedha. Walipoulizwa ushahidi, hawakuwa nao. Ndugu zangu, kumwita mtu mwizi pasipo ushahidi ni kumwibia jina lake.

Mkutano uliofuata ukajaa hata watu wakasimama nje. Kijana mmoja akainuka akafoka sana, akisema wamenyang'anywa haki yao. Ndipo bibi mmoja, mjane, akaomba nafasi. Akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, mimi siku ile nilikuwapo. Nilikataa, mimi na wenzangu wawili, tukashindwa. Kama ungalikuja wewe na hawa wote unaowasemea, tungalishinda. Ulikuwa wapi?"

Kijana akanyamaza. Nami niliyekuwa nimekaa nyuma yake nikatazama chini, maana swali lile lilinipata na mimi.

Kisha Afisa Mtendaji akafungua kitabu cha mihtasari akasoma. Yote yalikuwamo: tarehe, majina ya waliohudhuria, shauri lenyewe, na hesabu ya mikono. Tukatafuta maandishi ya kukitenga kiwanja kwa zahanati. Hayakuwapo. Neno la wazee lilikuwa limekaa vichwani mwetu tu, na kichwa si daftari.

SHERIA YASEMAJE?

Wengi hudhani kwamba mwenye kijiji ni Mwenyekiti. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, yasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Na wajumbe wake ni nani? Ni kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini. Mkutano huo wapaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu.

Halmashauri ya Kijiji ni watu wetu tuliowachagua, wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na walau robo yao sharti wawe wanawake. Mwenyekiti na wenziwe huchaguliwa kwa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Afisa Mtendaji yeye hachaguliwi na kijiji. Ni mtumishi aliyeajiriwa, na ndiye katibu anayeandika mihtasari. Halmashauri hufanya kazi ya kila siku, lakini jambo kubwa hulirudisha mkutanoni.

Kwa habari ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, yaeleza wazi zaidi. Halmashauri husimamia ardhi ya kijiji kama mtu aliyekabidhiwa mali ya wengine. Haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Kadhalika sheria hiyo yatambua sehemu tatu za ardhi ya kijiji: ile inayotumiwa na watu wote pamoja, ile iliyokaliwa na watu au jamaa, na ile ya akiba. Ardhi ya wote, ikiisha kutengwa na kukubaliwa na mkutano, huandikwa katika daftari lake, wala Halmashauri haiwezi kumpa mtu mmoja kuwa yake.

Sasa waona kosa letu lilipokuwa. Viongozi waliuliza, mkutano ukajibu. Tuliokuwa na jibu jingine tulikuwa mashambani na majumbani. Sheria imetupa mlango, lakini haiwezi kutubeba mgongoni kutuingiza ndani.

NUSU ILIYOBAKI

Katika mkutano ule wa pili tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, wenye vibanda wasifukuzwe, maana walipewa na mkutano, na wengine wamekwisha kutumia fedha zao. La pili, nusu iliyobaki itengwe kwa zahanati, ipimwe mbele ya watu, na iandikwe katika daftari la ardhi ya wote. Ikaandikwa siku ile ile.

Mahali penyewe ni padogo kuliko pale pa kwanza. Nyumba ya mganga italazimika kujengwa mbali kidogo, na watoto hawana tena uwanja mzuri wa mpira. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa kwa Jumamosi moja. Na zahanati yenyewe ingali mbali. Serikali ilipotoa mpango wake wa afya ya msingi wa mwaka 2007 hadi 2017, ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati. Lakini kijiji kinachotaka zahanati sharti kwanza kiwe na mahali pa kuiweka.

YATUPASA TUFANYE NINI?

Akina baba, tangazo la mkutano likitoka, lisomeni nyumbani mbele ya jamaa wote. Ulizeni ajenda ina nini. Neno "maeneo" au "mengineyo" laweza kuficha jambo kubwa. Msiwaambie wake zenu, "Nitakwenda kwa niaba yetu." Mke ni mjumbe kamili, na mara nyingi yeye ndiye aijuaye njia ya kisimani na ya zahanati kuliko mumewe. Kama watoto ni wadogo, jirani wawili na wapeane zamu ya kuwalea.

Akina mama, msikae nyuma mkinong'onezana. Semeni kwa sauti. Yule bibi mjane hakusoma sana, lakini neno lake ndilo lililotuamsha.

Vijana, kufoka baada ya mambo kuamuliwa si ushujaa. Ninyi ndio mtakaoishi na maamuzi hayo miaka hamsini ijayo. Njoni mapema, kaeni mpaka mwisho, na msiandike majina na kuondoka.

Sisi sote, tudai muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kabla ya kuanza jambo jipya, na mapato na matumizi ya kijiji yaelezwe hadharani. Kiongozi mwema hataona vibaya kuulizwa, maana maswali humlinda na masingizio. Na tukisha kuamua, hata aliyeshindwa na atii, kisha alete hoja yake tena kwa njia ya haki.

Tena tuulize sasa, kabla ya vigingi: makaburi yetu yatatosha? Njia ya ng'ombe kwenda mtoni imeandikwa? Chanzo cha maji kina mpaka? Shule ikitaka madarasa mengine, yatajengwa wapi? Kila jibu lisilokuwa katika daftari ni jibu la hewani.

Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Kwetu liliharibika kwa sababu wengi hatukuwapo. Tangazo la mkutano ujao limekwisha kubandikwa, na jambo la kwanza ni makaburi. Jumapili nitalisoma kanisani kama kawaida, na safari hii nitakwenda.