Aaminiye na Asiyeamini: Kwa Nini Kila Mmoja Hushika Lake?

Katika matanga ya Kibomet, karibu na mji wa Kitale, kama ilivyo mahali pengi katika Trans Nzoia na Bungoma, hufika saa ambapo watu wote huinamisha vichwa kwa sala. Na iwe mfano kwamba mwana mmoja wa marehemu hakuinamisha kichwa. Amesoma, ana kazi njema, naye amewaambia wazee waziwazi kwamba haamini kuwako kwa Mungu. Mara maneno huanza. Wazee husema elimu imempotosha. Naye moyoni husema kwamba wazee hawakupata elimu ya kutosha. Usiku ule ndugu hawali sahani moja.

Je, ni kweli kwamba mmoja anajua na mwenziwe hajui? Maisha ya wataalamu wawili wa Afrika Mashariki yaonyesha kwamba sivyo.

Wa kwanza ni John Mbiti wa Kitui, Kenya. Wa pili ni Okot p'Bitek wa Gulu, Uganda. Wote wawili walizaliwa mwaka 1931 katika nyumba za Kikristo. Wote walisoma kwanza nyumbani, kisha wakaenda Uingereza, Mbiti akasoma Cambridge na Okot akasoma Oxford. Tena wote walichunguza jambo moja, yaani dini za Waafrika. Hata hivyo Mbiti alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kwamba dini imo katika kila sehemu ya maisha ya Mwafrika. Okot aliuacha Ukristo, akaandika bila kuficha kwamba haamini miungu wala pepo.

Okot alisimulia habari ya mapadri wa Kiitalia waliofika kwa Waacholi, ambao mwaka 1911 waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Lugha ya Waacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, basi swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo akawa kibiongo, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Akajibu, "Rubanga." Tangu hapo mapadri wakafundisha kwamba Rubanga ndiye Mungu Muumba.

Kwa Okot, habari hii ilionyesha kwamba wageni walitia maneno yao katika vinywa vya Waafrika. Mbiti aliyatazama majina ya Mungu katika makabila mengi, akaona kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya mmisionari kufika. Hakuna mjinga hapo. Kila mmoja alianza na swali lake. Apimaye mahindi kwa debe na apimaye kwa mizani hawapati hesabu moja, ijapokuwa gunia ni moja.

Tena imani haikai kichwani tu. Aaminiye ameomba kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na watu wa kanisa lake ndio waliochimba kaburi la baba yake. Ukimwambia kwamba hakuna Mungu, yeye husikia kwamba watu wale na usiku ule vilikuwa bure. Asiyeamini naye amelipa. Pengine amepoteza rafiki, au mchumba, au neno jema la mama yake, kwa sababu hakutaka kusema uongo. Ukimwambia kwamba anajivuna tu, unadharau gharama aliyoitoa. Ndiyo sababu dharau haimbadilishi mtu yeyote. Humfanya ashike lake kwa nguvu zaidi.

Mambo haya yamefika hata serikalini. Mwaka 2016 chama cha Wakenya wasioamini Mungu kiliandikishwa, na mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu akasimamisha uandikishaji wake baada ya malalamiko ya watu wa dini. Chama kikaenda mahakamani kudai haki yake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, humpa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya watu 700,000 waliandikwa kuwa hawana dini.

Lakini sheria haiwezi kuwakalisha ndugu kwenye sahani moja. Hiyo ni kazi yao wenyewe. Wakati wa sala, mwana yule aweza kusimama kimya kwa heshima, wala asicheke. Na wazee waweza kumwachia kimya chake, wala wasimlazimishe kutamka asiloliamini. Sala ikiisha, ashike jembe pamoja nao kulifukia kaburi. Marehemu alikuwa baba yake, naye alikuwa ndugu yao.