Mgonjwa wa mapafu: apumzike tu, au atembee?

Ninapowatembelea wagonjwa nyumbani, mara nyingi namkuta bibi mwenye ugonjwa sugu wa mapafu amekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Maji analetewa, chakula analetewa, hata kufagia kidogo amekatazwa. Familia inafanya hivyo kwa upendo, kwa sababu akitembea anahema. Lakini mwezi uliopita alifika kwa jirani, na mwezi huu anaishia mlangoni. Mama, kama unamtunza mtu wa namna hii, makala haya ni yako.

Kwa nini anahema?

Moshi wa kuni na mkaa kwa miaka mingi, sigara, vumbi la kazini, au makovu yanayobaki baada ya kupona kifua kikuu, vyote vinaweza kuharibu mapafu. Kwa wengi, njia za hewa huwa nyembamba na hewa huchelewa kutoka. Akiharakisha, anavuta pumzi mpya kabla ile ya kwanza haijatoka yote. Hewa inarundikana kifuani. Anasema "siwezi kuvuta pumzi", kumbe shida kubwa iko kwenye kuitoa.

Vipimo viwili vya kuvijua

*Kupuliza.* Mgonjwa anapuliza kwa nguvu kwenye kifaa kinachoitwa spairomita. Kinapima hewa yote anayoitoa, na kiasi kinachotoka katika sekunde 1 ya kwanza. Kama hata baada ya dawa ya kupanua njia za hewa kiasi hicho ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote, ni dalili kuwa njia zimebana kwa kudumu.

*Kutembea dakika 6.* Anatembea mahali tambarare kwa mwendo anaoumudu, akichoka anaruhusiwa kusimama. Mwisho mhudumu anahesabu mita.

Watu wawili wanaweza kupata majibu yanayofanana kwenye kupuliza, lakini mmoja akatembea mbali kuliko mwenzake. Sababu mojawapo ni miguu. Misuli isiyotumika hulegea, huchoka mapema, na kuyalazimisha mapafu kufanya kazi zaidi. Anahema, anaogopa, anakaa, misuli inalegea tena.

Mazoezi hayaondoi makovu, na jibu la spairomita huenda lisibadilike. Yanachosaidia ni kuimarisha miguu na kupunguza woga, hivyo mapafu yaleyale yanamfikisha mbali zaidi.

Aanzeje nyumbani?

Kwanza mpeleke kituo cha afya apimwe, hasa kama ana ugonjwa wa moyo au aliugua zaidi hivi karibuni. Akiruhusiwa:

- Kama ameandikiwa dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi, aitumie kwanza.
- Aanze na dakika 5 za kutembea mahali tambarare, wakati hakuna jua kali. Aongeze dakika moja moja kadiri anavyozoea.
- Mpime kwa maongezi. Kuhema kiasi ni sawa, lakini awe anaweza kutamka sentensi fupi. Akishindwa, apumzike.
- Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepooza uji. Kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta.
- Ainuke kwenye kiti na kukaa tena mara 5, kisha apumzike. Hii inaimarisha mapaja.

Usitarajie mabadiliko kwa siku tatu. Programu za mazoezi ya wagonjwa wa mapafu kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi. Na jiko la kuni litoke ndani. Akitembea vizuri kisha akarudi kwenye moshi, tunabomoa tulichojenga.

Usisubiri, mpeleke hospitali kama:

- midomo au kucha zinageuka bluu;
- anahema hata akiwa amekaa, au hawezi kumaliza sentensi;
- anachanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida;
- ana maumivu ya kifua au anakohoa damu.

Kikohozi kikidumu wiki 2 au zaidi, apimwe kifua kikuu, hata kama aliwahi kutibiwa.

Kesho asubuhi, kabla hujamletea bibi maji, mwulize kama mnaweza kwenda kuyachukua pamoja. Tembea kwa mwendo wake, na umbebee ndoo.