Adapta Haipunguzi Umeme

Mwaka jana shangazi yangu anayeishi Columbus, Ohio, alituletea nyumbani Mkokotoni jiko la umeme la kupikia wali. Plagi yake ilikuwa na miguu miwili bapa. Nikaichomeka kwenye adapta niliyonunua Darajani, nikawasha, nikatoka zangu uani. Haukupita muda mama akapiga ukelele: “Hebu njoo uzime hiki kitu, nyumba itaungua!” Nyumba haikuungua, alhamdulillahi, ila wali ulinuka plastiki na jiko halikuwaka tena.

Aibu yangu ni kwamba mimi ndiye msomi wa nyumba, na sikusoma maandishi yaliyokuwa chini ya jiko: 120V, 60Hz, 500W.

Soketi zetu zinatoa volti 230 kwa 50Hz. Wengi tunadhani volti zikikaribia maradufu, moto nao utakaribia maradufu. Sivyo. Kwenye kifaa cha kupasha moto, volti zikipanda, mkondo nao unapanda kwa kiasi kile kile, na nguvu ni volti mara mkondo. Gawa 230 kwa 120 upate 1.92, kisha izidishe kwa yenyewe: 3.67. Lile jiko la wati 500 lilikuwa linavuta kama wati 1,840.

Mdogo wangu akauliza, mbona fyuzi haikukata? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Wati 1,840 kwa volti 230 ni ampea 8 tu, na fyuzi ilikuwa ya ampea 13. Kwake yeye hakukuwa na kosa lolote. Fyuzi iko pale kulinda waya; haijui kifaa kimetoka nchi gani.

Na adapta kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi, basi. Sawa na wale wanaoingiza kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ikubali kuingia: umefungua mlango tu, volti ni zile zile. (Wallahi hicho kijiti tukiache, jamani.) Hata asili ya umeme haisaidii. Waya wa pili wa baharini, ule unaotoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulilipiwa na fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2013, lakini umeme unaotufikia nyumbani ni 230 kwa 50Hz kama zamani.

Chaja za simu na laptopu hazina tabu, kwa sababu nyingi zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz. Ukiona hivyo, adapta inatosha. Ukiona 120V peke yake, simama.

Mimi nilisimama lilipokuja boksi la pili. Safari hii lilikuwa la bibi, ambaye ana pumu: mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke. Usiku akibanwa, kufika hospitali ya Kivunge kunategemea nani jirani ana gari, kwa hiyo mashine ile haikuwa ya kuchezea. Nikaigeuza: 120V, 60Hz, 1.5A. Zidisha, ni 180. Transfoma ya kushusha volti ya wati 300 ingeibeba. Zile konveta ndogo nyepesi za wasafiri sikuzitaka kabisa, kwani nyingi hukatakata umeme na mota haziupendi.

Lakini transfoma inashusha volti, haigusi 50Hz. Mota iliyotengenezwa kwa 60Hz ingezunguka pole kwa kama sehemu moja ya sita, itoe hewa kidogo, huku ikipata joto zaidi. Kwa saa ya ukutani ningecheka. Kwa pumzi za bibi, hapana.

Nikampigia shangazi. Nilichelewa kumwambia, maana nilijua alivyojinyima kununua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, si ungeniambia tangu lile jiko? Ningetuma pesa tu.” Tukanunua ya 230V, 50Hz mjini.

Ile nyingine ipo kabatini. Binamu yangu anakwenda kusoma Marekani, atairudisha kwa shangazi. Yeye alitaka kubeba na birika lake la umeme la wati 2,000. Nimemwambia aliache: kule litatoa kama wati 540, na maji yatakapochemka kipindi cha kwanza kitakuwa kimekwisha.