Safari Fupi ya Jangwani: Hifadhi ya Sibiloi

Upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ambalo hadi mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf, iko Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1973, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,570. Ni nchi ya mawe, mchanga na upepo, na mvua yake kwa mwaka mzima haifikii milimeta 250. Hata hivyo sifa yake imeenea duniani, kwa kuwa mwaka 1972, huko Koobi Fora, Bernard Ngeneo, mmoja wa wachimbuzi wa Kenya waliofanya kazi na Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu lililopewa namba 1470. Umri wa fuvu hilo ni miaka kama milioni 2.

Watu wengi wanaotaka kwenda huko wana siku chache tu za likizo. Basi jambo la kwanza ni kuhesabu siku kabla ya kuhesabu fedha. Kutoka Nairobi mpaka Marsabit ni kilomita 550 hivi za lami, nayo ni kazi ya siku moja. Siku ya pili msafiri huteremka mlima, akavuka jangwa la Chalbi na kulala North Horr. Siku ya tatu hufika Alia Bay, penye makao makuu ya hifadhi. Akitenga siku moja ya kutazama na siku tatu za kurudi, jumla ni siku saba. Mwenye siku nne asijidanganye kwamba ataendesha usiku ili afidie. Afadhali aishie Kalacha, penye chemchemi, aone Chalbi na kurudi salama, au akodi ndege ndogo.

Jambo la pili ni majira. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Wakati wa kiangazi ardhi yake ni ngumu, lakini mvua ikinyesha hugeuka tope linalomeza magurudumu. Kwa hiyo yafaa kuepuka miezi ya Aprili na Novemba, na kila mara kuwauliza madereva wa malori walioko Marsabit habari za njia. Kadhalika ni lazima kuwauliza polisi habari za usalama, maana hifadhi iko karibu na mpaka wa Ethiopia.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni maji. Joto hupita digrii 35, na upepo hukausha jasho hata mtu asitambue kwamba mwili wake unapungukiwa. Kila mtu ahesabiwe lita 5 za kunywa kwa siku. Watu wanne, kwa siku tano za kutoka Marsabit na kurudi, watahitaji lita 100, yaani madebe matano ya lita 20. Waongeze madebe mawili ya akiba ya siku mbili, na mengine ya kupikia na ya rejeta. Wala mtu asitegemee ziwa. Maji yake yana magadi, na pwani zake zina mamba wengi.

Motokaa iwe na nguvu katika magurudumu yote manne, tairi mbili za akiba, koleo, na ubao wa kuwekea jeki ili isizame mchangani. Petroli ijazwe Marsabit, pamoja na ya kurudia. Magari mawili ni bora kuliko moja. Kwa kuwa simu haishiki mahali pengi, mtu mmoja nyumbani aachiwe orodha ya njia na siku ya kurudi. Gari likiharibika, abiria wasiliache kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari lina kivuli na maji, tena huonekana kutoka mbali kuliko mtu.

Mwisho, mgeni asiokote mfupa wala jiwe. Wataalamu huupima umri wa mfupa kwa tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini yake. Ukiondolewa mahali pake, habari zake hupotea milele. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inakataza jambo hilo.

Wagabra na Wadaasanach wanaolisha mifugo yao katika nchi hizo hawaanzi mwendo kabla ya kujua kisima kilicho mbele. Msafiri wa wiki moja, ambaye hana ngamia wala hajui visima, ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hesabu yake kabla hajaondoka nyumbani.